"Went" na "Gone": Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Mashaka ya Kiambishi -me-



Katika kurasa za mwisho za vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza mna jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza ina kitenzi kama kilivyo, ya pili ina umbo la wakati uliopita, na ya tatu ina umbo ambalo walimu wengi huliita, kwa ufupi, umbo la tatu. Wanafunzi huliimba jedwali hilo kama wanavyoimba jedwali la kuzidisha: "go, went, gone", "break, broke, broken", "drink, drank, drunk". Hapana ubaya katika kuimba. Maumbo hayo hayatabiriki, na jambo lisilotabirika sharti likaririwe. Tatizo huanza pale mwalimu anapoongeza ubaoni, kwa nia njema kabisa, safu ya nne ya Kiswahili: "anakwenda" mbele ya "go", "alikwenda" mbele ya "went", na "amekwenda" mbele ya "gone".

Nyongeza hiyo yaonekana kuwa ndogo. Hata hivyo imejenga imani kwamba -li- ndiyo "went" na -me- ndiyo "gone". Hoja ya mhadhara huu ni kwamba nusu ya pili ya imani hiyo si sahihi, na kwamba imewagharimu wanafunzi katika lugha zote mbili. Historia ya kitenzi "go" chenyewe, ikisomwa kwa makini, inatoa njia bora ya kuieleza -me- kuliko jedwali lenyewe.

Mzizi wa kuazima

Mwanafunzi anayeuliza "went" imetoka wapi hujibiwa mara nyingi kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo. Jibu lipo, tena ni la kuvutia. Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa hadi karibu na mwaka 1100, kitenzi cha kwenda kilikuwa "gān". Umbo lake la wakati uliopita halikuwa "went", wala halikufanana na "gān" hata kidogo: lilikuwa "ēode". Maana yake ni kwamba tangu zama hizo kitenzi hiki hakikuwa na wakati uliopita wa mzizi wake wenyewe.

Kando yake kilikuwapo kitenzi kingine, "wendan", chenye maana ya kugeuka au kushika njia. Hiki kilikuwa na wakati wake uliopita, uliokuja kuwa "went", kwa utaratibu uleule unaotoa "sent" katika "send". Karne zilivyopita, "ēode" ilichakaa. Ikabadilika sauti kutoka eneo hadi eneo, ikawa vigumu kutambulika. Kusini mwa Uingereza watu wakaanza kutumia "went" mahali pake, na kufikia mwisho wa karne ya 15 "went" ilikuwa imekwisha kuhamia katika kitenzi "go". Kitenzi "wend", kilichonyang'anywa umbo lake, kikajitengenezea jipya kwa kanuni ya kawaida: "wended". Waskoti walifuata njia nyingine: walichukua mzizi wao wa kwenda wakaunda "gaed", kwa kanuni. Kwa hiyo "went" haikutokana na kanuni iliyopotea. Ni neno la jirani lililoazimwa na halikurudishwa.

Kwa nini basi watoto wa Kiingereza, kizazi baada ya kizazi, hawakuiondoa na kuweka "goed", umbo ambalo kila mtoto mdogo wa Kiingereza hulitamka wakati fulani? Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Erez Lieberman walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa vitenzi 177 ambavyo katika Kiingereza cha Kale havikufuata kanuni. Katika Kiingereza cha Kati 145 kati ya hivyo vilikuwa vingali hivyo, na katika Kiingereza cha leo vimesalia 98. Vilivyosalimu amri ni vile visivyotumika sana. Kitenzi "help", kwa mfano, kiliwahi kuwa na "holp" na "holpen". Sasa ni "helped" tu. Watafiti hao walionyesha kwamba kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine huingia katika kanuni kwa kasi mara 10 zaidi. Vitenzi kumi vitumikavyo mno katika Kiingereza vyote ni vya ukaidi, na "go" ni kimojawapo. Neno linalosikika kila saa halipati nafasi ya kusahauliwa.

Mswahili anayecheka jambo hili na ajiulize amri ya "kuja" ni ipi. Si "ja". Ni "njoo", na hakuna kanuni ya sarufi inayoitoa "njoo" katika "kuja". Amri ya "kwenda" ni "nenda", ya "kuleta" ni "lete". Katika maelfu ya vitenzi vya Kiswahili, amri zinazokataa kanuni ni hizo, nazo ni amri ambazo mtoto huzisikia kabla hajaota meno yote. Hata kitenzi cha kuwa kina mizizi iliyoungwa: "ni mwalimu", "aliye mwalimu", "alikuwa mwalimu". Hiyo "li" ya "aliye" ni kitenzi cha zamani cha kuwa, na wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba ndiyo iliyozaa kiambishi -li- cha wakati uliopita.

Umbo la tatu si wakati

"Gone" ina asili nyingine. Inatokana na "gegān", umbo la mzizi uleule wa "go" lililotanguliwa na kiambishi "ge-". Mjerumani anacho kiambishi hicho hadi leo anaposema "gegangen". Katika Kiingereza kilipungua kikawa "y-", kisha kikatoweka. La kushika hapa ni kwamba umbo hilo tangu mwanzo lilikuwa na tabia ya kivumishi. Halikutaja tendo lilifanyika lini. Lilieleza hali ya mtu au kitu baada ya tendo: aliyekwenda, kilichovunjika, iliyoandikwa.

Ndiyo maana umbo la tatu haliwezi kusimama peke yake katika sentensi sanifu ya Kiingereza. Lahitaji kitenzi kisaidizi, na visaidizi vyenyewe vilikuwa viwili. Vitenzi vyenye yambwa vilitumia kitenzi cha kuwa na kitu: mtu alikuwa na barua, nayo barua ilikuwa katika hali ya kuandikwa, maana hiyo polepole ikageuka kuwa ameandika barua. Vitenzi vya mwendo havikuwa na kitu cha kumiliki. Hivyo vilitumia kitenzi cha kuwa: si "has gone" bali "is gone", si "has come" bali "is come". Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 imejaa maumbo hayo. Mwanafunzi wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesomeshwa Kifaransa hashangai, kwani "il est allé" imejengwa hivyohivyo. Katika Kiingereza, "have" iliendelea kula ardhi ya "be" hadi ikaimaliza karibu yote katika karne ya 19. "Is gone" imebaki, lakini kwa maana moja tu: hayupo, ametoweka.

Kuna tofauti nyingine ambayo jedwali haliionyeshi. Mtu akiambiwa kwa Kiingereza kwamba fulani "has gone to Mombasa", anaelewa kwamba fulani yuko Mombasa au yuko njiani. Akiambiwa "has been to Mombasa", anaelewa kwamba alikwenda akarudi. Yaani "been", umbo la tatu la kitenzi kingine kabisa, linafanya kazi katika milki ya "go". Kitenzi hiki kimoja basi kinaishi kwa mizizi mitatu, na jedwali linataja miwili.

Inafaa kuongeza kwamba safu ya pili na ya tatu hazijawahi kutengana kwa amani hata kwa wenye lugha. "Have went" na "have wrote" ni maumbo yaliyotumika kwa karne nyingi, na Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, aliwakosoa hata waandishi mashuhuri kwa kuchukua umbo la pili mahali pa la tatu. Shule zilishinda katika maandishi. Katika mazungumzo ya sehemu nyingi za Uingereza na Marekani hazikushinda.

Je, -me- ni "gone"?

Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870, aliipa -me- jina la njeo timilifu ya wakati uliopo, kwa kufuata majina yaliyozoeleka katika sarufi za Ulaya. E. O. Ashton, mwaka 1944, alisogea mbele zaidi: aliieleza -me- kwa ukamilifu wa tendo na kwa hali inayotokana na tendo hilo. Maelezo ya Ashton yalikuwa karibu zaidi na ukweli. Kwa bahati mbaya, kilichoingia madarasani ni jina la Steere pamoja na jedwali la Kiingereza.

Hoja ya kwanza dhidi ya ulinganisho ni ya umbo. "Gone" haina nafsi. Haisemi ni mimi, wewe au wao. Nafsi hubebwa na kisaidizi. "Amekwenda" ina nafsi ndani yake, na inaendelea kuwa nayo hata ikitanguliwa na kitenzi kingine: "alikuwa amekwenda", "walikuwa wamekwenda". Vitenzi vyote viwili vimenyambuliwa. Anayesema "amekwenda" ametamka sentensi nzima. Anayesema "gone" ametamka kipande.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, na ni ajabu kwamba haitajwi mara kwa mara. Kiingereza hutumia umbo la tatu kama kivumishi mbele ya jina: mali ambayo mtu ameiba, kikombe chenye ufa, barua yenye maandishi, vyote huelezwa kwa umbo la tatu. Kama -me- ingekuwa ndilo umbo hilo, Kiswahili kingeitumia hapo. Hakiitumii. Husemwa "mali iliyoibwa", "kikombe kilichovunjika", "barua iliyoandikwa". Katika Kiswahili Sanifu -me- haipokei kirejeshi ndani ya kitenzi, hakuna "imeyoibwa". Kazi ya kivumishi cha umbo la tatu inafanywa na -li-, kile kiambishi ambacho jedwali lilikifunga katika safu ya pili. Pengine hufanywa na maneno yenye tamati -fu au -vu, kama "mtulivu" na "mkamilifu", ambayo hayamo katika jedwali lolote la njeo.

Hoja ya tatu ni ya maana, na hapo ndipo wanafunzi huumia. Mtu akibisha hodi na kuuliza, "Baba yupo?", mtoto hujibu, "Hayupo, amekwenda sokoni." Akijibu "alikwenda sokoni", mgeni atangoja aelezwe kilichofuata: alikwenda, kisha? -me- inaeleza hali iliyopo mlangoni sasa hivi, yaani baba hayupo. Kadhalika "amelala" haisemi kwamba alimaliza kulala. Husema kwamba yumo usingizini. "Amesimama", "amekaa", "amevaa kanzu", "amechoka", "amelewa": katika yote hayo tendo la kuingia katika hali limekwisha, na hali yenyewe inaendelea. Wanaoihusisha -me- na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza wana hoja nzito, ila kinachomalizwa ni kuingia. Kukaa ndani bado.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "have" pamoja na umbo la tatu huandika kwa Kiingereza "she has worn a blue dress" akiwa na maana ya "amevaa gauni la buluu". Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba aliwahi kulivaa siku fulani, huenda zamani. Huandika "the child has slept" kwa "mtoto amelala", na huandika "he has gone yesterday" kwa sababu katika kinywa cha Waswahili wengi "amekwenda jana" ni sentensi njema kabisa: aliondoka jana, na hadi sasa hayupo. Kiingereza sanifu hakiruhusu "have" ikae pamoja na neno la siku iliyokwisha. Makosa hayo husahihishwa kwa kalamu nyekundu mwaka hadi mwaka, na sababu yake haielezwi kwa kuwa imo katika ubao wa mwalimu mwenyewe.

Hasara ya upande wa pili huzungumzwa kidogo. Wahariri wa Kiswahili waliolelewa na sarufi ya Kiingereza huifuta -me- kila inapokutana na "jana" au "juzi" na kuweka -li-, kana kwamba kanuni ya London inatawala Pemba. Matokeo yake ni habari ambazo kila jambo ndani yake limekwisha, na msomaji hawezi kutambua lipi lingalipo.

Ingekuwa busara kama mwalimu angeachana na "has gone" na kuanzia na "is gone", umbo la kale. Hilo husema "yuko katika hali ya kuwa amekwenda", na hapo "amekwenda" ya mtoto mlangoni hupata jirani wa kweli. Baada ya hapo "is asleep", "is standing", "is drunk" huingia bila kusukumwa, na mwanafunzi huona mwenyewe kwamba Kiingereza hueleza hali kwa "be", si kwa "have". Mambo ya "ameshakwenda" na "keshakwenda", yatokanayo na "amekwisha kwenda", ni mepesi zaidi: hapo ukamilifu umetajwa kwa jina, na ulinganisho na "has already gone" haudanganyi. Ukanushi nao husaidia, kwani "hajaenda" na "hakwenda" hutenganisha kile kinachongojwa na kile kilichofungwa.

"Broken" mahakamani

Jambo hili halikuishia darasani. Nchini Tanzania, Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha kesi kwa Kiswahili. Katika mahakama za ngazi za juu, kwa miongo mingi, shahidi alisema Kiswahili na aliyeandika mwenendo wa kesi akaandika Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Hadi hapo, maneno ya shahidi yalipita katika jedwali la safu tatu kabla ya kufika katika jalada.

Chukua shahidi katika kesi ya uvunjaji wa nyumba. Anaweza kusema, "Nilikuta mlango umevunjika." Anaweza pia kusema, "Nilikuta mlango umevunjwa." Kwa sikio la Mswahili hizi ni taarifa mbili. Ya kwanza, katika kauli ya kutendeka, inaeleza hali ya mlango na hainyoshei mtu yeyote kidole. Upepo, mchwa au uchakavu vinaweza kuwa sababu. Ya pili, katika kauli ya kutendwa, inadai kwamba yupo mtendaji, ingawa hakutajwa. Shahidi mwangalifu asiyejua kilichotokea huchagua ya kwanza kwa makusudi. Zikifika katika Kiingereza cha haraka, zote mbili huwa "the door was broken", kwa sababu "broken" ni hali na pia ni tendo la mtu, na "was" haisaidii kuzitenganisha. Kiingereza kinazo njia za kutofautisha, lakini zinahitaji maneno ya ziada, na mwenye kuandika huku akisikiliza huchukua neno lililo karibu. Hivyohivyo kwa "umefunguka" na "umefunguliwa", "zimepotea" na "zimepotezwa".

Kutafsiri kwa kurudi nyuma ni kugumu zaidi. Jalada la kabla ya mwaka 2021 lililoandikwa kwa Kiingereza, likihitajika kwa Kiswahili, humlazimu mfasiri kulikabili "broken" moja na kuchagua kati ya -ka na -wa. Sarufi ya Kiingereza haimpi dokezo. Hutafuta katika sentensi za jirani: je, kuna jiwe lililotajwa, nyayo, kelele za usiku? Mara nyingine hupata. Mara nyingine ukurasa hauna kitu zaidi ya mlango, naye shahidi aliyejua alichosema hayupo tena kuulizwa.